Kamba Iliyolegea

Kila asubuhi, jua likianza kugusa paa la karakana ya seremala, Mzee Wino alitoka nyumbani kwake akivutwa na mbwa.

Jina la Wino alilipata kazini. Alikuwa mpiga chapa kwa miaka thelathini na moja. Wino uliingia kwenye kucha zake ukakataa kutoka. Alipostaafu, watu waliendelea kumwita hivyo hivyo. Hata mkewe alimwita Wino, hasa akiwa amekasirika.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha, utepe wa kupimia ukiwa umening'inia shingoni. Wateja wake hawakukatika. Kutwa nzima cherehani ililia, na Mzee Wino alikaa kitini akiisikiliza. Nyumba nzima ilikuwa na kazi isipokuwa yeye.

Kukaa huko kulimponza. Shinikizo lake la damu lilipanda. Daktari akamwambia, "Mzee, dawa unameza, sawa. Lakini na miguu ifanye kazi. Tembea nusu saa kila siku."

Alitembea siku tatu. Siku ya nne alisema viatu vinambana. Siku ya tano alisema kuna mawingu.

Ndipo binti yao, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, alipokuja na kitoto cha mbwa kwenye kikapu. Kilikuwa na rangi ya karanga iliyokaangwa.

"Baba," alisema, "huyu hatakubali visingizio."

Wakamwita Karanga. Na kweli hakukubali visingizio. Asubuhi alikwaruza mlango mpaka Mzee Wino avae viatu. Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Lakini Karanga hakubaki kitoto. Alipofikisha miezi minane, alikuwa pande la mbwa, kifua kipana, miguu kama ya ndama. Mlango ukifunguliwa tu, alichomoka. Kamba ilikaza kama waya wa simu. Karanga alihema, alikohoa, ulimi ukatoka nje, lakini kuvuta hakuacha. Alivuta kwenda kwenye mti. Alivuta kwenda dukani. Alivuta hata kurudi nyumbani.

"Mzee," seremala alimtania kila siku, "leo nani anampeleka mwenzake?"

Mzee Wino alicheka. Lakini usiku bega lilimuuma, na hakumwambia mtu.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Barabara ilikuwa na utelezi. Mzee Wino alikuwa amejizungushia kamba kiganjani mara mbili, apate nguvu ya kumzuia mbwa. Mbele ya duka, paka alikatiza. Karanga aliruka. Mzee Wino hakuwahi hata kusema "ah". Alipiga magoti, akaburutwa, akaanguka ubavu. Mwendesha baiskeli aliyebeba kreti za mikate alipinda ghafla, akamkosa kwa shubiri moja.

"Jamani, mzee!" alipiga kelele. "Mngeniua!"

Karanga alikuwa amefika ng'ambo ya barabara, kamba ikiburuzika nyuma yake. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya ulinzi alikanyaga kamba kwa kiatu chake kizito, akainama, akaiokota taratibu. Kushoto kwake alisimama mbwa mkubwa mweusi, ametulia tuli, hana habari na paka wala kelele.

Mwanamke huyo aliishi nyumba ya nne kutoka kwa Mzee Wino. Alilinda ghala lililo mwisho wa mtaa, yeye na yule mbwa mweusi. Mtaani walimwita Afande.

"Pole sana, baba," alisema. "Unaweza kusimama? Nishike mkono."

Alimsindikiza mpaka nyumbani. Mzee Wino alichechemea, suruali imechanika gotini. Cherehani ilinyamaza.

Mkewe aliinuka kitini. Alileta maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Alisafisha jeraha la goti, akasafisha kiganja kilichochubuliwa na kamba. Alipomaliza kufunga bandeji, ndipo aliposema.

"Wino, huyu mbwa ataondoka."

"Ni paka tu, mama watoto. Siku nyingine..."

"Siku nyingine itakuwa gari! Nitamweleza nani kwamba mume wangu alikufa kwa sababu ya paka?"

Jioni ile mkewe alimpigia simu binti yao. Binti alisikiliza, akashusha pumzi. Alisema mwenzake wa kazini ana shamba lenye ua, na anatafuta mbwa.

"Nitakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao," alimwambia baba yake alipopewa simu. "Nitamchukua. Pole, baba. Nilidhani nakusaidia."

Mzee Wino alirudisha simu kwa mkewe. Karanga alikuwa amelala kizingitini, kidevu juu ya kiatu cha bwana wake. Mzee Wino alimtazama, akamkuna kichwa. Tangu astaafu, hakuna kiumbe aliyemngojea mlangoni isipokuwa huyu. Atamwambia nani jambo kama hilo? Mzee mzima kumlilia mbwa!

Kesho yake Afande alikuja kumjulia hali. Alikaribishwa kiti na kikombe cha chai. Mzee Wino alimweleza yote, tangu mwanzo mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao. Afande aliinama kumtazama Karanga.

"Kwanza, amechanjwa kichaa cha mbwa?"

"Amechanjwa. Cheti kipo."

"Vizuri. Kila mwaka usikose. Sasa, baba, nikuulize. Mbwa wako anavuta kwa nini?"

"Kwa sababu ana kiburi," alijibu mkewe kutoka kwenye cherehani, kabla Mzee Wino hajafungua mdomo.

Afande alicheka. "Hapana, mama. Anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Baba, akivuta kwenda kwenye mti, wewe unafanyaje?"

"Namfuata. Nitafanyaje tena?"

"Basi umemlipa. Akili yake inamwambia: nikivuta, nafika. Kwa miezi yote hii umekuwa ukimfundisha kuvuta. Na nikuambie ukweli, umemfundisha vizuri sana."

Mkewe aliangua kicheko, akajifunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa akishona. Mzee Wino naye akacheka, ingawa ubavu ulimuuma.

"Anaweza kuacha?" aliuliza.

"Anaweza. Ni kijana bado, anajifunza haraka. Lakini siyo kwa siku mbili. Na wa kujifunza kwanza ni wewe."

Goti lilihitaji siku nne kupona. Siku ya tano Afande aliwakuta uani, penye bomba la maji. Ua ulikuwa mdogo, hatua kumi na mbili kwenda, hatua kumi na mbili kurudi.

"Kwa nini siyo barabarani?" aliuliza Mzee Wino.

"Barabarani kuna paka, watu na harufu za kila aina. Huwezi kumfundisha mtoto kusoma katikati ya soko. Tuanze penye utulivu."

Alikagua mkanda wa shingoni, akapitisha vidole viwili chini yake. "Hivi ndivyo. Vidole viwili vipite. Ukibana zaidi, anakabwa. Ukilegea zaidi, anachomoka."

Kisha akachukua kamba. "Na hii usijizungushie kiganjani kamwe. Akiruka, itaondoka na wewe, au itavunja vidole vyako. Shika kitanzi kwa mkono wa kulia. Kushoto ishike katikati, kwa wepesi tu. Mbwa akae upande wako wa kushoto, bega lake usawa wa mguu wako."

"Halafu?"

"Halafu tembea. Kamba ikilegea, endelea. Ikikaza, simama. Usimvute, usimpige, usimkaripie. Simama tu, kama nguzo ya umeme."

Mzee Wino alipiga hatua mbili. Karanga akachomoka mbele. Kamba ikakaza. Mzee Wino akasimama. Karanga alivuta. Nguzo haikwenda. Akavuta tena. Akageuka nyuma kumtazama bwana wake, kama anayeuliza, mzee, una nini leo? Kwa kugeuka tu, kamba ikalegea.

"Sasa!" Afande alisema. "Mwite kwa upole. Akija kando ya mguu wako, mpe kipande cha nyama papo hapo, umsifu."

Mzee Wino alikuwa na nyama ya kuchemsha, iliyokatwa vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Alitoa kimoja. Karanga alikimeza bila kutafuna.

"Usichelewe," Afande alionya. "Ukichelewa kumpa, hatajua anapongezwa kwa lipi. Na umpe hapa hapa, penye mguu wako, siyo mbele. Ajue kwamba hapa ndipo penye raha."

Walikwenda hatua mbili, wakasimama. Hatua moja, wakasimama. Hatua tatu! Nyama, sifa, wakaendelea. Baada ya dakika kumi walikuwa wamevuka ua mara nne tu.

"Basi, imetosha," alisema Afande.

"Imetosha? Hata jasho sijatoa!"

"Akili yake imetoka jasho. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Kila siku. Kwa sasa matembezi yako ya nusu saa fanya peke yako. Na mbwa mchezeshe mpira hapa uani, apunguze nguvu kabla ya somo. Jambo la mwisho, chagueni neno moja la kumwambia. Sisi kazini tunasema 'mguuni'."

"Mguuni," Mzee Wino alirudia.

"Neno hilo hilo kwa nyumba nzima. Leo mkisema 'mguuni', kesho 'we njoo hapa', keshokutwa 'nitakuchapa', mbwa hana kamusi."

Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Jioni moja mkewe alimwita ndani akiwa ameshika suruali yake.

"Hii nini?"

Mfukoni mlikuwa na doa la mafuta lenye ukubwa wa sahani.

"Nyama ya Karanga."

"Nyama! Kwenye suruali niliyoishona mwenyewe!"

Alinung'unika mpaka wakati wa chakula. Lakini asubuhi Mzee Wino alikuta mezani kamfuko ka kitambaa kigumu, kenye bitana ya plastiki ndani na kitanzi cha kupitisha mkanda.

"Usifikiri nimebadili mawazo," mkewe alisema bila kuinua macho. "Ninaokoa suruali."

Wiki ya pili waliingia barabarani, asubuhi na mapema, kabla watu hawajawa wengi. Walitoka mlangoni mpaka kwenye karakana na kurudi. Umbali wa dakika mbili uliwachukua robo saa. Kamba ikikaza, Mzee Wino alisimama. Mara nyingine aligeuka na kuelekea upande mwingine, na Karanga akalazimika kumfuata. Seremala alisimama na randa mkononi, akawatazama.

"Mzee, umesahau njia?"

"Nafundisha!"

"Nani anafundishwa?"

"Wote wawili," Mzee Wino alijibu. Akajishangaa kwamba hakuona haya.

Lakini wiki ya tatu mambo yalikwenda mrama. Siku hiyo hakulala vizuri. Alihesabu siku zilizobaki mpaka alfajiri. Karanga naye hakuwa amecheza mpira. Walipofika dukani, mbwa mmoja alibweka nyuma ya lango, Karanga akavuta kwa nguvu zote, vile vile kama zamani.

Hasira zilimpanda Mzee Wino. Aliivuta kamba kwa mikono miwili, akafoka, "Mguuni! Nimesema mguuni, mpumbavu wewe!"

Karanga alipiga kelele ya maumivu. Akalala chini, masikio nyuma, mkia kati ya miguu. Mzee Wino alipomkaribia, mbwa alijikunyata. Hakuwahi kumwogopa hata siku moja. Mzee Wino alisimama katikati ya njia akiwa amepigwa butwaa, kamba mkononi.

Jioni alimfuata Afande kwake. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Nimeharibu," alisema. "Nimemtia hofu. Na sasa neno lenyewe akilisikia anajificha."

Afande hakumlaumu. "Hata mimi nilifanya hivyo, mwaka wangu wa kwanza kazini. Mbwa akiogopa, hajifunzi kitu. Anajifunza kukukwepa tu. Mpumzishe kesho. Usimfunge kamba kabisa. Kaa naye chini uani, umpe nyama bila kumtaka kitu. Keshokutwa anza upya na hatua mbili."

"Na siku zimebaki kumi na saba."

"Ukiwa na haraka, kamba inamwambia. Na siku mkiwa hamko sawa, wewe au yeye, pumzikeni. Somo lililorukwa halidhuru kama somo la hasira."

Mzee Wino alifanya alivyoambiwa. Alikaa chini penye bomba, magoti yakimlalamikia, akinyoosha mkono. Karanga alikuja kwa tumbo, taratibu, akachukua kipande kimoja, akarudi nyuma. Akaja tena. Mara ya sita alibaki. Aliweka kichwa kwenye paja la mzee, akashusha pumzi ndefu. Mzee Wino alimpapasa masikio.

"Nisamehe, bwana," alisema.

Dirishani, cherehani ilikuwa imenyamaza. Mkewe alikuwa akitazama.

Walianza upya. Yule mbwa wa nyuma ya lango, Mzee Wino na Karanga walimpita kwa mbali kwanza, ng'ambo ya barabara. Kila Karanga alipomwona akageuza macho kwa bwana wake, alipata nyama. Kila siku walisogea karibu kidogo. Mzee Wino alijifunza pia kumpa ruhusa. Karanga akitembea vizuri mpaka kwenye mti, Mzee Wino alisema, "Haya, nusa!" Hapo alimwachia urefu wote wa kamba, naye mbwa alinusa mpaka akaridhika. Kunusa nako kulikuwa malipo.

Wiki ya tano mbwa wa nyuma ya lango alibweka mpaka akachoka. Karanga alitikisa sikio moja tu, akaendelea, sako kwa bako na bwana wake. Walitembea nusu saa nzima. Nyama alipewa mara chache sasa, sifa zilimtosha. Siku hiyo seremala hakutania. Aliuliza tu, "Mzee, hivi na mbwa wangu angeweza?"

Jumapili ikafika. Binti alikuja na basi la saa nne. Alikuwa ameleta kipimo chake cha shinikizo la damu. Alikifunga kwenye mkono wa baba yake, akasubiri, akasoma, akasoma tena.

"Presha imeshuka, baba. Siyo sana, lakini imeshuka. Vidonge unaendelea navyo?"

"Naendelea."

"Usiviache. Umekuwa ukitembea?"

"Kila siku."

Binti alitazama kona alikolala Karanga. Sauti ilimpungua. "Yule mwenzangu anatungoja jioni."

Mzee Wino hakubisha. Alivaa viatu, akachukua kamba, akafunga kamfuko kiunoni. Alimpa binti kitanzi cha kamba.

"Tukusindikize kituoni. Mshike wewe. Kulia kitanzi, kushoto kwa wepesi. Mwambie 'mguuni'. Akikaza, simama."

Kituoni ni mwendo wa dakika ishirini, na Jumapili njia imejaa watu. Binti aliishika kamba kwa woga, mabega yamepanda juu. Penye duka, watoto watatu walipita mbio wakifukuza mpira. Karanga alinyanyua kichwa. Kamba ikaanza kukaza. Binti akasimama. Mbwa aligeuka, akarudi kando ya mguu wake, akamwangalia usoni akingoja.

"Baba!" binti alinong'ona.

"Mpe nyama, usichelewe."

Walifika kituoni bila kuvutwa hata mara moja. Basi lilikuwa linaunguruma. Binti alisimama mlangoni mwa basi, kamba mkononi. Alimtazama mbwa, akamtazama baba yake, ambaye alikuwa amegeuka upande mwingine akijifanya anasoma bango. Akachuchumaa, akamkumbatia Karanga shingoni. Kisha akanyanyuka, akampa baba yake kamba.

"Nitampigia mwenzangu atafute mbwa mwingine," alisema. "Lakini mama umwambie wewe."

"Nitamwambia," alisema Mzee Wino. Alikohoa, akapunga mkono mpaka basi likapinda kona.

Aliporudi, alimkuta mkewe amesimama mlangoni, kanga mabegani, cherehani imefunikwa. Ilikuwa bado mchana, na kazi ya watu ilikuwa mezani.

"Kumbe amerudi," mkewe alisema.

"Amerudi. Nilitaka kukueleza kwamba..."

"Wino, mgongo unaniuma kwa kukaa. Nipe hiyo kamba."

Mzee Wino alimpa. Alimwonyesha mkono wa kulia, akamwonyesha wa kushoto. Mkewe alisema "mguuni" kwa sauti ndogo, kama anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Wakaondoka, yeye, mbwa na mzee, wakapita karakana, wakapita duka, wakafika penye ukuta wa shule ambako njia ni pana. Mkewe alitazama kamba. Ilikuwa imelegea, imening'inia katikati yao.

"Mbona hanivuti?" aliuliza.

"Kwa sababu na wewe humvuti," Mzee Wino alijibu.

Wakatembea mpaka mwisho wa ukuta, wakageuka, wakaamua kuzunguka mara moja zaidi.